Fizikia ya kunengua: mwalimu akikwambia "jikaze", muulize uzito uwe mguu gani

Mwalimu wa Mguu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mchana nafundisha fizikia sekondari, jioni nasimamia mazoezi ya kikundi cha vijana huku Temeke. Wengi ni madansa wa shughuli: sendofu, kipaimara, vigodoro, na shoo za singeli zikipatikana. Uzi nimeuleta kwa sababu kila ninapopita kwenye mazoezi ya vikundi nasikia maneno yaleyale: "jikaze", "legea", "huna kipaji wewe". Hayo si maelekezo. Anayeyumba ukimwambia ajikaze, atakaza shingo na mabega, kisha ataendelea kuyumba akiwa amekauka kama mti.

Msimamo wangu, mnaobisha karibuni: sehemu kubwa ya tunachokiita kukosa kipaji ni uzito uliokaa pasipo pake. Na uzito haubembelezwi.

Msisome tu, fanyeni. Simama ubavu wa kushoto ukiwa ukutani, unyayo wa kushoto na bega la kushoto vyote vimegusa ukuta. Sasa nyanyua mguu wa kulia. Hauji, au ukija unaanguka kulia. Mtu akisimama wima, kitovu cha uzito wake, yaani pale uzito wote unapokuwa kama umekusanyika, kipo maeneo ya kiunoni, jirani na kitovu cha tumbo. Ili usimame kwa mguu mmoja lazima kitovu hicho kikae juu ya unyayo uliobaki chini. Siku zote kiuno chako husogea pembeni kwanza, bila wewe kujua, ndipo mguu unanyanyuka. Leo ukuta umekizuia kusogea.

Dansa anayechelewa stepu, kwa hiyo, mara nyingi hajachelewesha mguu. Amechelewa kuhamisha uzito. Wewe unaona mguu umenasa chini na biti imeshapita, unapiga kelele "nyanyua mguu!" Anajitahidi kuunyanyua mguu ambao bado umebeba mwili mzima. Mwambie "kiuno kushoto kwanza", mguu wa kulia utakuja wenyewe.

Nitaendelea na kuzunguka, halafu singeli, ambako ndiko kwenye utamu. Ngoja nimalize kusahihisha madaftari.

Mzee wa Sindimba

Nafuatilia. Ila mleta mada, babu zetu Wamakonde wamekata viuno vizazi na vizazi bila huyo Newton wenu. Msije mkatuambia sindimba imesubiri formula.

Mwalimu wa Mguu

Shikamoo mzee. Newton alichapisha kanuni zake mwaka 1687, na watu walikuwa wanacheza tangu zamani za kale, hilo halina ubishi. Lakini angalia sindimba yenyewe inavyofundishwa: magoti yakunjwe, nyayo zilale chini, kifua kitulie. Hiyo ni fizikia tupu, imesemwa kwa njia ya amri. Magoti yakikunjwa kitovu cha uzito kinashuka na kiuno kinapata uhuru wa kwenda huku na huku. Yakinyooka, kiuno kinafungwa. Na kiuno kikienda kulia, kifua lazima kiende kidogo kushoto ili jumla ya uzito ibaki juu ya nyayo. Fundi wa sindimba unamwona kifua kimetulia, kumbe kinafanya kazi ya kulipia.

Tofauti yetu na nyie wazee ni kwamba mtoto wa zamani aliijua ngoma akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Huyu wa kwangu kaiona stepu kwenye simu juzi na Jumamosi anapanda jukwaani. Hana muda wa kuifyonza taratibu. Nikimpa sababu, anasahihisha mwenyewe akiwa nyumbani.

Mzee wa Sindimba

Marahaba. Hapo kwenye kifua nimekuelewa. Endelea.

Mwalimu wa Mguu

KUZUNGUKA.

Tafuta kiti cha ofisi kile kinachozunguka. Kaa, shika chupa mbili za maji za lita moja na nusu, moja kila mkono, nyoosha mikono pembeni, mwambie mwenzako akusukume taratibu. Ukishaanza kuzunguka, vuta chupa kifuani. Jishikilie, maana kasi itapanda ghafla.

Mwili unaozunguka una ukaidi wake wa kubadilishiwa mwendo, na ukaidi huo hauangalii kilo peke yake. Unaangalia pia kilo hizo ziko mbali kiasi gani na mhimili, yaani mstari wa katikati unaouzunguka, na umbali unahesabiwa ukijizidisha wenyewe. Chupa iliyo sm 70 kutoka katikati ya mwili ina ukaidi mara 12 na ushee kuliko chupa hiyohiyo ikiwa sm 20. Momenta ya mzunguko (ukaidi ukizidishwa na kasi) uliyopewa na msukumo inabaki ileile, kwa hiyo ukaidi ukipungua, kasi inapanda kufidia.

Tafsiri yake mazoezini: mikono isitupwe baada ya kuanza kuzunguka. Inafunguliwa kabla, inasaidia kuchukua msukumo kutoka sakafuni, kisha inakunjwa. Vijana wengi wanafanya kinyume, wanaanza wamejikunja halafu wanafungua mikono katikati kwa mbwembwe, na mzunguko unafia njiani. Wakitaka kusimama ndipo wafungue. Wacheza baleti wameitumia kanuni hii mpaka mwisho wake: dansa wa Kiitaliano Pierina Legnani alizunguka mara 32 mfululizo kwa mguu mmoja jukwaani St. Petersburg mwaka 1895, mguu wa pili ukifunguliwa na kukunjwa kila mzunguko. Mguu ukiwa nje unahifadhi mzunguko wakati mwili unatulia ukiangalia watazamaji, na hapohapo kisigino kinashuka, unyayo unaisukuma sakafu kuchukua msukumo mpya. Ukikunjwa, mwili unazunguka tena kwa kasi.

Kichwa nacho. Kibakize kikitazama kitu kimoja mpaka shingo ifike mwisho, kisha kigeuze haraka kirudi palepale. Majimaji ya sikio la ndani yakizungushwa mfululizo ndiyo yanakupa kizunguzungu. Kwa kuwa kichwa kipo karibu na mhimili, kukigeuza peke yake hakuuharibu mzunguko wa mwili.

Dogo wa Mbagala

Mwalimu samahani, nipo kidato cha tano. Kama hakuna aliyenisukuma tena na kasi imeongezeka, nishati ya ziada imetoka wapi?

Mwalimu wa Mguu

Swali zuri sana dogo. Imetoka kwenye mikono yako. Chupa zinataka kwenda nje, wewe unazivuta ndani, misuli inafanya kazi. Jaribu na chupa tupu kisha zilizojaa, utasikia tofauti kwenye mabega. Kisichobadilika ni momenta ya mzunguko. Nishati inaongezeka, na bili imelipwa na misuli yako.

Binti Kamati

Mimi sichezi shoo, nacheza kwaito za harusini tu, ile ya kujipanga mistari na kugeuka robo kila baada ya stepu kadhaa. Kuna ukumbi mmoja una marumaru zinazong'aa kama kioo. Nikivaa mchuchumio wa soli ngumu nateleza, nikivaa raba mguu unanata nikigeuka mpaka goti linalalamika. Fizikia inasemaje, dada yenu nivae nini?

Mwalimu wa Mguu

Dada, tatizo lako ni kwamba unadai vitu viwili vinavyopingana kutoka kwenye soli moja. Ukipiga stepu unataka msuguano mkubwa, maana ni sakafu inayokusukuma wewe uende. Wewe unaisukuma kushoto, yenyewe inakusukuma kulia. Ukigeuka unataka msuguano mdogo. Mpira unanata, ndiyo maana na raba mwili unageuka, unyayo unabaki, na kinachosokotwa katikati ni goti. Hilo usilichezee.

Ila kuna njia ya kupata vyote. Geuka ukiwa umenyanyua kisigino, uzito ukiwa kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, pale chini ya vidole. Kani ya msuguano yenyewe haipungui sana, maana uzito ni uleule. Kinachopungua ni umbali wa msuguano huo kutoka kwenye mhimili. Unyayo mzima ukiwa chini, kisigino kinasugua mbali na mahali unapogeukia na kina nguvu kubwa ya kukuzuia. Ukiwa kwenye vidole, msuguano wote umekusanyika jirani na mhimili, hauna mkono mrefu wa kukushika.

Kwa hiyo raba sawa, ila usigeuke na unyayo mzima. Na kabla ya kugeuka uzito uwe umeshahamia mguu mmoja. Anayegeuka akiwa na uzito kwenye miguu yote miwili anajifunga mwenyewe. Soda iliyomwagika sakafuni, mwambieni mtu wa usafi mapema: ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inanata, na hujui utakanyaga ipi.

Kaka wa Sinza

Dada wa kamati ndiyo nyie mnaogeuka upande mbaya mstari mzima unagongana 😂

Binti Kamati

Ulikuwepo kumbe.

Mwalimu wa Mguu

Twende SINGELI sasa. Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokaa chini na kalamu.

Singeli ina biti 200 hadi 300 kwa dakika. Tuchukue 240 hesabu iwe nyepesi: kila biti ni robo sekunde. Tuilinganishe na muziki wa biti 120, ambao kila biti ni nusu sekunde. Dansa anapeleka kiuno kulia biti hii, kushoto biti inayofuata. Kila akifika mwisho wa upande lazima akisimamishe na kukirudisha. Kani inayohitajika kukirudisha inategemea kimeenda mbali kiasi gani na kinarudi mara ngapi kwa sekunde. Umbali ukiongezeka mara 2, kani inaongezeka mara 2. Marudio yakiongezeka mara 2, kani inaongezeka mara 4.

Kiuno kinachokwenda sm 10 kila upande kwenye biti 120 kinahitaji mchapuko (kasi inavyobadilika kila sekunde) wa karibu mita 4 kwa sekunde kwa sekunde, chini ya nusu ya mvutano wa dunia. Sm 10 hizohizo kwenye biti 240 zinadai karibu 16, yaani umeupita mvutano wa dunia zaidi ya mara moja na nusu, huku na huku, kila robo sekunde, kwa wimbo mzima. Ukitaka kubaki na nguvu ileile uliyokuwa ukiitumia kwenye muziki wa taratibu, punguza sm 10 zako ziwe sm 2 na nusu.

Waangalieni wanaoijua kweli, watoto wa Tandale na Manzese. Hawachezi kwa ukubwa. Mwendo umekusanywa karibu na mwili, magoti yamekunjwa, miguu haiachani na ardhi sana. Au wanagawa kazi: miguu inafuata kila biti, kiuno kinachukua biti moja na kuiacha moja, kwa hiyo kiuno kinacheza 120 ndani ya wimbo wa 240. Mtazamaji anaona ukubwa na anaona kasi, hajui kwamba havitoki kiungo kimoja. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe wa singeli, na nasikitika watu wanauita fujo.

Kijana mgeni anaingia na kiuno chote cha mduara, biti inamwacha, anaambiwa mzito. Anachofanya ni kuidai misuli yake nguvu mara 4, na haina.

Na kuruka vilevile. Ukiruka sm 30, tangu miguu inaachana na ardhi mpaka inatua ni karibu nusu sekunde. Sawasawa na biti moja ya 120, ndiyo maana kuruka kwenye muziki huo kunakaa vizuri. Kwenye 240 una robo sekunde tu, na robo sekunde inakuruhusu kupanda chini ya sm 8. Ukipanda zaidi, utatua biti imeshapita, haijalishi una mapafu ya namna gani. Walimu wanaotunga stepu za kuruka juu kila biti ya singeli, wahurumieni watoto. Rukeni kila baada ya biti 2 au 4.

Fundi Spika

Hii ya sm 8 imenifurahisha. Vipi Wamasai? Nimewaona Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, mtu anaruka anakaa huko juu kama kasahau kushuka.

Mwalimu wa Mguu

Hakai, ila jicho lako halijakudanganya kabisa. Kitu chochote kinachorushwa juu kinatumia nusu ya muda wake wote wa hewani kwenye robo ya juu ya kimo chake, kwa sababu pale ndipo kasi ni ndogo. Morani akiruka sm 40 yuko hewani sekunde 0.57, na karibu sekunde 0.29 ya hizo yupo ndani ya sm 10 za mwisho. Mwili ameunyoosha, mikono imetulia, hakuna kinachotikisika cha kuonyesha kwamba anashuka. Kisha anatua kwa vidole, kisigino hakigusi, anaondoka tena mara moja. Ule mshipa mnene wa juu ya kisigino unavutika wakati wa kutua na kurudisha sehemu ya nishati kwenye mruko unaofuata. Akikawia chini, nishati hiyo inapotea, na lazima aanze upya na misuli.

Wa baleti wana mbinu nyingine: wakifika juu wananyanyua mikono na miguu, kitovu cha uzito kinapanda ndani ya mwili, kichwa na kifua vinakwenda mlalo kwa muda mfupi. Kitovu chenyewe kinafuata mkunjo wake kama kawaida, ila wewe unaangalia kichwa.

Kaka wa Sinza

Basi sisi wanene fizikia imetukataa rasmi. Kilo 105 nitaruka wapi.

Mwalimu wa Mguu

Haijakukataa kaka. Wewe na mtoto wa kilo 45 mkiruka kimo kimoja, mtatumia muda uleule hewani, mvutano hauangalii kilo. Kinachoamua kimo ni nguvu ya miguu ukiigawa kwa kilo ulizobeba, na miguu iliyozoea kubeba kilo 105 si dhaifu. Na kwenye dansi la wawili una faida: mkishikana mikono na kuzunguka mkiegemea nje, mhimili wenu unakaa karibu na mzito. Wewe unazunguka duara dogo, mwenzako anaruka duara kubwa, na wote watasema unacheza umetulia. Mwenzako mwepesi akijaribu kukuzungusha wewe ndipo kasheshe.

Mama Junior wa Ubungo

Mwalimu, mwanangu ana miaka 12, anacheza kikundi cha shule. Wanafanyia mazoezi uwanjani kwenye zege, wanaruka sana. Siku hizi analalamika magoti. Nimkataze?

Mwalimu wa Mguu

Mama, kwanza maumivu yenyewe: yasipoisha kwa kupumzika, au goti likivimba, mpeleke hospitali akaonwe. Hilo halitatuliwi na uzi.

La pili ni namna ya kutua. Mtu wa kilo 60 akishuka kutoka sm 30 anafika chini kwa kasi ya mita 2.4 kwa sekunde. Kasi hiyo lazima iishe, swali ni kwa muda gani. Akitua amenyoosha miguu, kwa sekunde 0.05, sakafu inamrudishia kani ya karibu nyutoni 3,500, yaani kama mara 6 ya uzito wake. Akitua kwa vidole kwanza, kisha kisigino, kisha magoti na nyonga vinakunjika kwa utaratibu, ikachukua sekunde 0.2, kani inashuka hadi kama nyutoni 1,300, zaidi kidogo ya mara 2. Mtu yuleyule, zege lilelile.

Mwambie asikilize. Anayetua vizuri hasikiki. Mwalimu akifumba macho na kusikia "pwaa!", watoto wanaumizwa. Na mwombe mwalimu wao awahamishie mazoezi ya kuruka kwenye nyasi, au hata udongo uliokanyagwa. Mchanga wa Coco Beach ni mlaini kutua ila unakula msukumo wa kuondokea, mtoto anachoka haraka na kifundo cha mguu kinayumba. Kujifunzia stepu mpya huko sikushauri.

Mama Junior wa Ubungo

Asante sana. Jana usiku nimemrukisha sebuleni, jirani wa chini amegonga mlango. Kwa hiyo hatui vizuri.

Fundi Spika

Na mimi niulize langu la kikazi. Nafunga muziki kwenye misafara, gari la spika linatangulia, vijana wanafuata wakicheza singeli. Video ikitoka, mistari ya nyuma yote inaonekana imechelewa. Mwenye shughuli ananilaumu mimi, madansa wanalaumiana. Nani mwongo?

Mwalimu wa Mguu

Hakuna mwongo. Kwa joto letu hili la Dar sauti inasafiri kama mita 350 kwa sekunde. Dansa aliye mita 35 nyuma ya spika anaisikia biti sekunde 0.1 baada ya wa mbele. Kwenye rumba hakuna atakayegundua. Kwenye singeli ya 240, ambayo biti ni sekunde 0.25, hiyo ni asilimia 40 ya biti nzima. Wa nyuma wanacheza sahihi kabisa kwa wanachokisikia. Kamera iko mbele jirani na spika, inasikia mapema, na mwanga unafika papo hapo, kwa hiyo kwenye video wanaonekana wamelala.

Sogeza gari katikati ya msafara. Umbali unagawanyika nusu na ucheleweshaji pia. Hata msafara ukibaki na urefu uleule, wa mwisho watakuwa nyuma kwa sekunde 0.05 tu, na jicho la kawaida halitaona.

Fundi Spika

Gari likikaa katikati mpiga video atasema linamziba.

Binti Kamati

Mpandisheni juu ya gari.